Ukikatwa na tumbawe na kesho upepo bado upo: kutunza jeraha dogo

Msimu wa kusi hapa Paje, Unguja, sisi tunaoteleza juu ya maji kwa ubao unaovutwa na kaiti (tiara kubwa) tunaingia majini kila siku, pengine mara mbili. Ngozi haipati kukauka. Mchubuko ambao mwenzetu wa shamba angeusahau baada ya siku tatu, kwetu unatunga usaha. Nafundisha mchezo huu, na miguu niliyoisafisha ni mingi: mingine imekatwa na matumbawe, mingine imejigonga kwenye vigingi vya mwani maji yakiwa yamekupwa.

Kwanza, toka majini. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo, bila kufunua kuchungulia. Damu isipokoma, au mdomo wa jeraha ukiwa umeachama, nenda kituo cha afya.

Ikikoma, osha, na hapa usiwe na haraka. Tumekua tukiambiwa maji ya bahari yanaponya. Bahari yetu ni ya joto, na kwenye joto hilo wamo bakteria, wakiwemo Vibrio, ambao wanaweza kuharibu nyama vibaya. Mwenye kisukari au maradhi ya ini asithubutu kupuuza. Tumia maji ya kunywa, kwani visima vingi vya pwani vina chumvi. Mimi natoboa kifuniko cha chupa ya lita moja na nusu kwa pini, naiminya, na maji yanatoka kwa kasi inayosukuma mchanga nje. Sabuni ipite pembeni.

Kisha geuza jeraha juani uliangalie. Chembe za tumbawe ni nyeupe, zinang'aa kama sukari, na ukizigusa kwa ncha ya kibano kilichochemshwa zinakwaruza. Zitoe zote. Mwaka mmoja nilifunga goti langu bila kuangalia. Juu ngozi ikaziba, chini likawa linapwita usiku kucha. Lilipofunguliwa tena ilitoka chembe ndogo kuliko punje ya mchele.

Tafadhali, usimwagie unga wa kapsuli za rangi mbili, zile za antibiotiki. Unagandamana, unafunika uchafu, na huenda dawa yenyewe haiwaui bakteria waliomo. Majivu na dawa ya meno pia viache. Spiriti inaunguza nyama changa.

Paka vaselini safi kidogo, weka gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), funga. Badilisha kila siku, na kila inapolowa.

Kurudi majini: subiri jeraha lizibe. Najua wengine ndiyo riziki yetu, mgeni ameshalipia somo. Basi funika kwa plasta isiyopitisha maji, kaa muda mfupi, na ukitoka tu ibandue, osha kwa maji ya kunywa, kausha, funga upya. Usiende na plasta mbichi kula chakula cha mchana. Siku zinazofuata mvua kubwa za masika usiingie kabisa na jeraha, maana uchafu wa mitaani umeshateremka pwani.

Uliza pia chanjo yako ya pepopunda: kwa jeraha chafu, ikiwa imepita miaka 5 tangu ya mwisho, kachanjwe.

Jioni chora kwa kalamu mpaka wa wekundu kuzunguka jeraha. Asubuhi wekundu ukiwa umevuka mstari, au kuna usaha, nenda kwa daktari. Homa, malengelenge, au maumivu makali kuliko ukubwa wa jeraha, usisubiri asubuhi: tafuta gari saa hiyo hiyo.