Kumtembelea mgonjwa wa akili nyumbani kwake: mwongozo kwa mtoa huduma mpya wa Moshi na vijiji vyake

Wodini mgonjwa ni mgeni wako. Kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachagga, wewe ndiye mgeni. Anayeanza kazi ya afya ya akili katika jamii hana budi kulielewa hilo kabla ya kujaza fomu yoyote, kwa sababu familia ikikufungia mlango, ujuzi wote ulioupata chuoni unabaki nje pamoja nawe.

Kabla ya kupanda mlimani, soma faili, kisha zungumza na mhudumu wa afya wa kijiji husika, ambaye kwa kawaida anajua ni nani mwenye sauti katika nyumba ile na ni siku gani watu wako sokoni. Panga siku na ndugu mmoja kwa simu, wala usimwulize njia kila unayemkuta. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilipanda Uru kwa bodaboda nikiwa nimevaa koti jeupe, nikauliza njia mara nne, na nilipofika habari ilikuwa imekwisha kunitangulia: mama mwenye nyumba aliniambia kwa upole mkubwa kwamba pale hapakuwa na mgonjwa. Ilinichukua miezi miwili kukaribishwa ndani, na tangu siku hiyo koti langu hubaki kituoni.

Ukishapiga hodi na kuwaamkia wakubwa, kubali kiti na chai, na uwe tayari kuzungumzia migomba na kahawa kwa muda ambao mwanafunzi angeuona umepotea. Haupotei. Ng'ombe wa kihambani hulishwa bandani, hivyo lazima yuko anayekwenda kukata majani kila siku; ukiambiwa kwamba zamani kijana ndiye aliyekata na sasa anakata mama yake, uliza tangu lini. Jibu la swali hilo litakuonyesha ugonjwa ulipoanza na ulivyopunguza uwezo wake wa kufanya kazi, bila mtu kuhisi anahojiwa.

Usitegemee kumsikia mtu akisema ana sonona. Atasema ana mawazo mengi, mwili hauna nguvu, moyo unakwenda mbio, au usingizi humpotea saa nane za usiku. Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, lina maswali 9 kuhusu majuma mawili yaliyopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, na jumla ya 10 au zaidi inakutaka uchunguze kwa kina. Lakini lisome kama mazungumzo, si kama karani wa sensa. Iwapo bibi anazungumza Kichagga tu, usimtumie mkwe wake kuwa mkalimani, kwa kuwa heshima iliyopo kati yao itameza nusu ya majibu. Mjukuu mtu mzima au jirani aliyechaguliwa na bibi mwenyewe anafaa zaidi.

Swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, ndilo ambalo wageni wa kazi hii huliruka. Uliza waziwazi, mkiwa wawili tu: «Je, umewahi kufika mahali ukaona ni afadhali ufe? Umefikiria utafanyaje?» Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, mara nyingi humtua mzigo. Fahamu pia kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, ndiyo maana familia nyingi husema «alikunywa dawa ya mboga kwa bahati mbaya», na ukianza kwa sauti ya mpelelezi hutasikia zaidi ya hapo. Akikiri kwamba ana mpango, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kabla ya kuondoka hapo, uliza dawa za kunyunyizia kahawa na mboga zinahifadhiwa wapi, na uhakikishe zimetolewa nyumbani, si kuhamishiwa tu chini ya kitanda kingine. Dawa za hospitali nazo zishikwe na ndugu, hasa amitriptilini, dawa ya sonona ambayo ikimezwa kwa wingi hudhuru moyo na kuua.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla kutazame kwanza kama ugonjwa wa mwili. Pima joto, pima malaria, angalia sukari, uliza kuhusu kuanguka na kuumia kichwa. Kwetu huku kuna hali moja inayowapoteza wengi: mzee aliyezoea kunywa kila siku, iwe mbege au kitu kikali zaidi, anaugua homa na kushindwa kunywa, kisha siku ya tatu anatetemeka, anatoka jasho, anaona wadudu ukutani. Familia huita waombaji, kumbe mwili unadai pombe uliyoizoea. Hali hiyo inaweza kuua, na mahali pake ni hospitali, iwe Mawenzi au KCMC, usiku huohuo.

Kwa mgonjwa aliyekwisha anza dawa, usiridhike na jibu la «ninameza». Omba kuziona, zihesabu, kisha mtazame anavyoishika chai yake. Dada mmoja aliniambia hana tatizo lolote, lakini kikombe kiligonga sahani mfululizo kama mvua kwenye bati, naye akakishika kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa kukifuata. Ilikuwa haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili inayoweza kuleta mtetemo. Alikuwa akimeza siku moja na kuruka mbili ili aweze kusuka nywele za wateja wake, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba dozi inaweza kupunguzwa au dawa ya kutuliza mtetemo kuongezwa. Vivyo hivyo, anayeanza fluoksetini, dawa ya sonona, aelezwe mapema kuwa nafuu huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi, la sivyo ataiacha siku ya kumi akiamini umemdanganya.

Kuhusu maombi na waganga, ushauri wangu ni kutoshindana. Iambie familia kwamba maombi yaendelee na dawa zisisimame, na kwamba mgonjwa asifungishwe kula wala kumeza dawa kwa ajili ya ibada. Palipo na kamba au mnyororo, hata hivyo, hakuna maelewano ya nusu kwa nusu: tazama vidonda vya vifundoni, vitibu, kisha keti na waliomfunga uwaulize wanaogopa nini hasa, maana mara nyingi wamechoka kukesha na hawajui kwamba sindano ya kila mwezi ya kutuliza ugonjwa ipo.

Kipindi kigumu zaidi si cha ugonjwa mkali. Ni mwezi wa tatu au wa nne, mgonjwa anapolala vizuri, anacheka na watu, na wote nyumbani wanaona dawa zimemaliza kazi. Mwongozo wa afya ya akili wa Shirika la Afya Duniani, uitwao mhGAP, unaelekeza kwamba dawa za sonona ziendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Andika tarehe hiyo kwenye kadi, mbele ya anayetunza dawa. Na kwa kuwa kijana aliyepona hutafuta kazi, siku moja utaambiwa ameitwa Arusha na mjomba wake kuwa kondakta wa vifodi, daladala za huko. Usimzuie. Mwandikie barua ya rufaa kwenda kliniki ya hospitali ya Mount Meru, umpe dawa za mwezi mzima, uchukue namba ya mjomba, na umpigie kabla dawa hizo hazijaisha.