Kukagua jumba la matumbawe kwa roboti baada ya tetemeko

Tetemeko la 12 Agosti 2020, lililotokea baharini karibu na pwani ya Tanzania, lilisikika hadi Mombasa, na likatuonyesha sisi tunaoshughulika na majumba ya mawe ya matumbawe ya Mji wa Kale wa Mombasa kwamba ardhi ya pwani nayo hutikisika. Utaratibu ninaoueleza hapa una shabaha moja: mtu asiingie ndani mpaka chombo, yaani droni au roboti, kiwe kimetangulia.

Hatua ya kwanza hufanywa kabla ya tetemeko lolote, nayo ndiyo inayopuuzwa zaidi. Piga picha za kila ukuta, ndani na nje, ukiweka rula kubwa kando ya kila ufa. Majumba yetu yamejaa nyufa za zamani zilizoletwa na chumvi, mizizi, na lipu ya saruji iliyopakwa juu ya chokaa ikazuia ukuta kupumua. Bila picha hizo hutaweza kutenganisha ufa wa jana na ufa wa miaka 40.

Hatua ya pili ni vibali. Droni huhitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na kwa Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, utahitaji pia ruhusa ya Makumbusho ya Taifa.

Hatua ya tatu, rusha droni nje ya jengo asubuhi, kabla upepo wa bahari haujapata nguvu. Picha zifuatanazo zipishane kwa takriban asilimia 80, ili programu iweze kuziunganisha kuwa umbo kamili la jengo. Katika vichochoro vyembamba mawimbi ya setilaiti hugonga kuta na kukidanganya chombo kuhusu mahali kilipo. Mimi mwenyewe nilipoteza droni moja iliyojibamiza kwenye roshani, na tangu siku hiyo huongoza droni kwa mkono.

Hatua ya nne ni kuingiza roboti ya nchi kavu yenye minyororo. Baada ya tetemeko la 24 Agosti 2016 huko Amatrice, Italia, roboti za aina hii na droni ziliingizwa pamoja katika makanisa mawili yaliyoharibika, na picha zake zikatumika kutengeneza maumbo ya ndani ya majengo hayo. Kwetu tatizo kubwa ni sakafu. Sakafu ya ghorofani imebebwa na boriti za mikoko, nayo ni mawe na chokaa iliyoshindiliwa, hivyo ni nzito hata kabla ya kuongezewa kitu. Roboti isipande ngazi mpaka kamera yake imeelekezwa juu kutoka chumba cha chini na kuonyesha ncha za boriti zikiwa bado zimezama ukutani. Ukiona ncha imechomoka, au imeliwa na mchwa, ishia hapo hapo. Tumia kebo, si mawimbi ya redio peke yake, kwa maana kuta nene huyameza.

Hatua ya tano ni kusoma picha, na kazi hii haifai kuachiwa programu. Nyufa mbili zilizokatana kama herufi X kati ya madirisha zinaonyesha kwamba ukuta umesukumwa huku na huku kwa upande. Ufa wima kwenye pembe ni wa kutisha zaidi, kwani huenda kuta mbili zimeachana na ule wa mbele unaweza kuangukia njiani. Tazama pia kingo: ufa mpya huwa mweupe, mkali, usio na vumbi wala ukungu, na vipande vya lipu hulala chini yake.

Mkabidhi mhandisi wa majengo ramani ya nyufa hizo. Ardhi ikitikisika tena, hata kidogo, rudisha droni kwa njia ileile na ulinganishe upana wa kila ufa kabla fundi hajaruhusiwa kuingia kuweka viegemeo.