Usichome viota vya majimoto kwenye minazi yako

Msimu uliopita niliitwa kwenye shamba moja la minazi huko Kimbiji, Kigamboni. Chini palikuwa peupe, pamelimwa pakafagiliwa kama uwanja unaosubiri harusi. Mwenye shamba akaniokotea vidaka, yaani nazi changa kabisa, chini ya mnazi mmoja, viganja viwili vikajaa. "Bwana shamba, hii minazi imerogwa," akasema, nusu utani nusu kweli. Nikakivua kidaka kimoja kofia yake. Ndani kulikuwa na madoa ya kahawia yaliyodidimia, na utomvu uliokauka kama gundi.

"Mzee, majimoto, wale sisimizi wekundu, walikuwepo hapa?"

"Tele! Mkwezi aligoma kupanda, nikawachoma kwa makuti."

Basi uchawi wenyewe ulikuwa huo. Madoa yale ni kazi ya mdudu mfyonzaji ambaye wengi humwita mbu wa minazi. Kitaalamu ni Pseudotheraptus wayi, jina alilopewa mwaka 1955 kwa heshima ya Way, mtafiti aliyemchunguza Unguja. Hufyonza kidaka kichanga na kukitemea mate yenye sumu, kidaka kikaanguka kabla hakijafika hata kitale. Wachache tu juu ya mnazi wanatosha kukuharibia kole zima la nazi. Dawa ya kupuliza kwenye mti mrefu vile ni gharama na hatari, nami siishauri.

Anayemdhibiti ni majimoto, wale wanaoshona majani mabichi kuwa kiota. Wakubwa huyavuta majani yakutane, wengine hushika watoto wao mdomoni na kuwapitisha huku na huku, na uzi unaotoka kwa mtoto ndio unaoshona. Kundi moja huwa na viota vingi kwenye miti kadhaa, lakini kwa kawaida malkia ni mmoja. Wakitembea juu ya mnazi mchana kutwa, mbu wa minazi hapati pa kutua.

Sasa, kwa nini shamba moja lina majimoto tele na la jirani halina hata mmoja? Kila kiumbe ana nafasi yake: anapolala, anachokula, njia anazopita na nani anamgombania. Idadi yake hufuata nafasi hiyo. Mpinzani mkubwa wa majimoto ni sisimizi wadogo wa kahawia wanaoishi ardhini, penye shina. Ukiwachungulia utawaona askari wao wana vichwa vikubwa kupita miili. Hao hawamzuii mbu wa minazi, ila humvamia kwa wingi majimoto anayeshuka chini na kumuua, kisha hupanda na kuuteka mnazi.

Hapa ndipo jembe linapoingia. Watafiti wa Mikocheni, hapa hapa Dar es Salaam, ambako utafiti wa minazi ulishika kasi baada ya mpango wa taifa wa minazi kuanza mwaka 1979, waligundua jambo ambalo wakulima wengi hulikataa mwanzoni: palipolimwa peupe, hao sisimizi wa vichwa vikubwa hutawala hadi kileleni. Palipoachwa majani, wao hubaki zaidi chini na majimoto hubaki juu. Wote wawili wanaishi shamba moja, kila mmoja kwenye ghorofa yake.

Kwa hiyo fyeka, usilime. Majani yafike usawa wa goti hivi, kisha uyapunguze kwa panga au fyekeo. Miche michanga iachie duara safi kama mita moja, maana inagombania maji. Mnazi uliokomaa hauhitaji ufagio. Najua jirani atakuita mvivu. Kigamboni siku hizi shamba likionekana chafu watu hudhani linauzwa viwanja.

La pili ni njia. Mashamba ya zamani yana mapengo mengi, minazi imekufa, vilele havigusani. Majimoto akitaka kuhama lazima ashuke, na chini anasubiriwa. Panda michungwa, milimau, mipera au mikorosho katikati; majani yake yanashoneka vizuri na matawi huwa daraja. Wakati unasubiri ikue, funga kamba kutoka mti hadi mti. Nimeona majimoto wakiikubali kamba ya katani ndani ya siku moja, wakapita kwa msururu kama abiria wa Feri.

Ukitaka kuhamishia viota kwenye shamba lako, vitoe vyote kwenye kundi moja. Ukichanganya makundi mawili watauana wenyewe kwa wenyewe. Hakikisha pia vichwa vikubwa hawajajaa kwenye mnazi unaopelekea, vinginevyo umewapelekea kitoweo.

Majimoto si malaika. Hufuga vidung'ata na wadudu gamba ili walambe utamu wao, hivyo ukaguzi wa michungwa usiuache. Chonga, yule mbawakawa anayetoboa minazi, naye hawamwezi sana. Huyo dawa yake ni kuondoa magogo ya minazi yanayooza na marundo ya samadi anamozalia. Na kama nazi za kila umri zinaanguka, makarara meusi, makuti yanageuka njano kuanzia chini, huo ni ugonjwa wa kunyong'onyea. Usipoteze muda na sisimizi, mwite bwana shamba wa kata.

Yule mzee nilimwambia asubiri. Kutoka ua hadi nazi kavu ni karibu mwaka mzima, kwa hiyo ahesabu vidaka vinavyoanguka kila mwezi, asihesabu magunia. Kuhusu mkwezi, tulikubaliana apande alfajiri kukiwa na ubaridi, ajipake jivu mikononi na miguuni, na aongezewe kidogo kwa kila mnazi. Mara ya kwanza alishuka akijikuna shingo, akasema jivu lingine apewe la mgongoni.