Rasiberi za Huko, Forosadi za Dar

Nina mwaka wa nne tangu nirudi Dar kutoka Leeds, Uingereza, na bado kila Februari mdogo wangu aliyebaki na ile nyumba hunipigia: "Dada, nikate fimbo zipi?" Fimbo hizo ni matawi marefu ya rasiberi, vitunda vidogo vyekundu vya nchi za baridi. Leo naandika mara moja kwa wote, imsaidie yeye na wengine wenye kibustani nyuma ya nyumba huko mliko.

Tuanze na hesabu. Shina moja la rasiberi lililokomaa na kutunzwa hutoa kama kilo moja na nusu kwa msimu. Familia ya watu watano ikipanda mashina kumi, mwaka wa tatu inavuna kilo kama 15, ambazo ni sawa na pakti 100 za dukani za gramu 150. Watoto watakula wakiwa wamesimama bustanini, na bado utabaki na za kugandisha na za jemu. Mashina kumi yanataka mstari wa mita tano tu, nusu mita kati ya shina na shina. Mimea ya blakiberi, jamaa mweusi wa rasiberi, ni mikubwa zaidi: miwili inatosha, kila mmoja ukiwa na mita mbili na nusu za uzio, na shina moja hufikisha kilo nne au tano bila shida. Chukua isiyo na miiba, kama Loch Ness au Triple Crown. Ile ya miiba waachie wenye ngozi ngumu.

Miche ya mizizi mitupu, isiyo kwenye chungu, ni rahisi zaidi, nayo hupandwa kuanzia Novemba hadi Machi wakati mmea umelala. Udongo uwe na mboji na usituamishe maji. Mizizi ya rasiberi ikikaa kwenye tope huoza, na hapo hakuna dawa. Mimi nilipoteza mstari mzima kwa kupanda chini ya bomba la maji ya mvua, nikidhani najipunguzia kazi ya kumwagilia.

Sasa hizo fimbo. Rasiberi ziko za aina mbili, na wengi wanakosa matunda kwa kutojua wanayo ipi. Za kiangazi, yaani zinazoiva majira ya joto ya huko, kama Glen Ample, huzaa kwenye fimbo zilizoota mwaka jana. Ukizifyeka zote Februari umekata mavuno yako. Kata zilizokwisha kuzaa tu, mara baada ya kuvuna; utazijua kwa rangi ya kahawia na vikonyo vilivyokauka. Zile changa za kijani zifunge kwenye waya, sita hadi nane kwa shina, nyingine ondoa. Za vuli, yaani zinazoiva joto la huko likianza kupungua, kama Autumn Bliss au Joan J, huzaa kwenye fimbo za mwaka huohuo: Februari fyeka zote hadi usawa wa udongo, basi. Mwenye kazi mbili na watoto wadogo apande za vuli. Mpangaji naye apande za vuli kwenye vyungu vya lita 30 au zaidi, akihama anahama nazo. Blakiberi nyingi huenda kama rasiberi za kiangazi, na ncha yake ikigusa udongo huota mizizi yenyewe, kwa hiyo jirani akitaka mche, unampa bila kununua.

Kuchuma kuna siri yake. Rasiberi iliyoiva ukiivuta kidogo inatoka kama kofia, kiini cheupe kinabaki kwenye tawi. Blakiberi hutoka na kiini chake, na usidanganywe na weusi unaong'aa, hapo bado ni chachu. Subiri ule mng'ao ufifie. Tandaza wavu mapema, maana ndege huko hawana adabu kuliko kunguru wa Posta.

Ndipo wengi mnapouliza: niwaletee mama na wajukuu miche ya rasiberi huko Dar? Hapana. Rasiberi inahitaji mamia ya saa za baridi ya chini ya nyuzi 7 ili ichanue vizuri, na Dar hata usiku wa Julai ni nyuzi 18 hivi. Mimi niliuziwa miche miwili hapahapa mjini na mtu aliyeapa imezoea joto. Ikatoa majani, ikatoa miiba, joto la Februari likaimaliza. Mama akaitazama na kusema, "Mwanangu, miiba yote hii umeifuata Ulaya?" Mwenye shamba Lushoto au Njombe anaweza kujaribu, huko kuna baridi. Na usifiche fimbo kwenye sanduku: kuingiza mmea nchini kunataka kibali na cheti cha afya ya mmea, na magonjwa ya virusi husafiri ndani ya fimbo bila kuonekana.

Kwa Dar panda mforosadi. Omba kwa jirani kijiti kinene kama kidole, urefu wa shubiri moja na ushee, kichomeke nusu yake kwenye udongo wenye unyevu. Wa kwangu uko pembeni ya simtanki hapa Mbezi, unakunywa maji yanayomwagika. Ukiupogoa na kupukuchua majani, machipukizi mapya huja na matunda, kwa hiyo si lazima usubiri msimu. Usiuache uwe mrefu, watoto watapanda paa kufuata forosadi za juu. Juisi yake na ndimu kidogo inashinda jemu yangu yoyote ya Leeds. Madoa kwenye shati jeupe la shule ndiyo balaa. Mama huyasugua na forosadi mbichi kabla ya kufua, na yanafifia.

Mdogo wangu, Desemba ukija acha fimbo zako hukohuko. Niletee mkasi mzuri wa kupogolea, na uuweke kwenye begi kubwa, si la mkononi.