Kuiandaa Pikipiki Nyepesi ya Porini: Springi Kwanza, Mapambo Baadaye

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana pikipiki nyepesi ya porini, au yuko karibu kuinunua, na anataka kuiendesha kwa kujifurahisha kwenye vijia vya mawe, mizizi na tope bila nia yoyote ya kushindana. Nimeuandika baada ya kumsaidia rafiki yangu ambaye alikuwa amekwisha kununua ekzosi mpya na kinga za mikono kabla ya kujua kama springi ya nyuma ya pikipiki yake ina uwezo wa kumbeba. Kazi nyingi tulizofanya zilikuwa za kawaida, na nitazipitia kwa haraka. Moja ilitula saa nyingi, nayo nitaieleza kwa urefu.

Hatua ya 1: Kuchagua

Aina ninayoizungumzia iko katikati ya pikipiki mbili za mashindano. Upande mmoja kuna pikipiki za kupanda mawe, ambazo hazina kiti cha maana, zina tangi la lita chache tu na uzito wa kilo 70 hivi. Upande wa pili kuna pikipiki za enduro, yaani za mashindano marefu ya porini, zenye uzito wa kilo 100 na zaidi, springi ngumu na injini inayotaka kuendeshwa kwa kasi muda wote. Katikati yake wamejipanga Yamaha Serow, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1985 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 223, Beta Alp 200, Beta Xtrainer ya stroku mbili, Montesa 4Ride na Sherco X-Ride. Zote hazifanani, lakini zina nia moja, yaani kumfikisha mwendeshaji wa kawaida mahali pagumu bila kumchosha.

Pima uzito na urefu wa kiti kabla ya kuuliza nguvu za injini. Ukikwama katikati ya mlima wenye mawe, kitu kitakachokuokoa ni kuweza kukanyaga chini kwa miguu yote miwili na kuigeuza pikipiki kwa mikono yako mwenyewe. Kwa upande wangu napendelea injini ya stroku nne inayopozwa kwa hewa, kwa sababu haina rejeta ya kutoboka pikipiki inapoanguka, na itaanguka. Wapenzi wa stroku mbili watanipinga, na kwa habari ya wepesi wana haki.

Hatua ya 2: Kukagua na kupaka grisi

Kaza nati na bolti zote kwa vipimo vya kitabu cha mtengenezaji, badilisha oili, safisha chujio la hewa la sponji na ulipake oili yake maalumu. Usilisafishe kwa petroli, kwa kuwa hulegeza gundi inayoshikanisha sponji. Fungua beringi za viungo vya shokapu ya nyuma, ikiwa pikipiki yako inavyo, pamoja na beringi za usukani, kisha uzipake grisi ya kutosha hata kama pikipiki ni mpya kabisa, kwa maana ni kawaida kukuta viungo vya kiwandani vina grisi kidogo mno. Usiiruke kazi hii, kwani hatua ya 4 inaitegemea.

Hatua ya 3: Usukani na wenzo

Panda pikipiki ikiwa imeshikiliwa wima na usimame kwenye vikanyagio kama utakavyosimama porini, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Zungusha usukani mpaka mikono ikae bila kukulazimisha kuinama, halafu shusha wenzo wa klachi na wa breki hadi vidole vivifikie bila kukunja kiganja. Wenzo zilizopangwa kwa ajili ya kukaa humchosha aliyesimama ndani ya muda mfupi sana. Kabla ya kukaza vishikizo vyake, zungushia usukani utepe mweupe wa mafundi bomba mahali vinaposhika, kisha vikaze kiasi cha kutosogea kwa matumizi ya kawaida lakini kuzunguka vinapopigwa na ardhi. Wenzo inayozunguka haivunjiki.

Hatua ya 4: Kupima mnepo wa springi

Hapa ndipo penye kazi. Mnepo ni kiasi ambacho pikipiki hushuka inapobeba uzito, nao hupimwa mara mbili: mnepo tupu, yaani kwa uzito wa pikipiki yenyewe, na mnepo wa mpandaji, yaani ikiwa imekubeba wewe na vifaa vyako vyote. Watu wengi hupima wa pili tu, na hapo ndipo wanapopotea.

Tafuta wasaidizi wawili, mmoja wa kuishika pikipiki kwa mbele na mwingine wa kusoma futi. Jaza tangi nusu. Vaa kila kitu utakachokivaa porini, kuanzia buti na kofia hadi mkoba wa maji ukiwa umejaa, kwa sababu vitu hivyo huongeza kilo nyingi kuliko unavyodhani. Bandika kipande cha utepe wa umeme kwenye pembeni ya madigadi ya nyuma, wima juu ya ekseli, na uchore alama ndogo kwa kalamu. Vipimo vyote vitatoka katikati ya ekseli hadi kwenye alama hiyo. Ukiinamisha futi hata kidogo, namba zitakudanganya.

Kipimo cha kwanza kichukue pikipiki ikiwa juu ya stendi ya boksi na gurudumu la nyuma likining'inia. Tuseme umepata milimita 600. Ishushe chini, isimame wima bila mtu, usiiegemeze kwenye stendi ya pembeni, kisha upime tena. Tuseme sasa ni 568, basi mnepo tupu ni milimita 32. Halafu panda, simama kwenye vikanyagio, ruka kidogo mara chache ili springi ilegee, kisha ukae taratibu mahali pako pa kawaida. Msaidizi akisoma 505, mnepo wa mpandaji ni milimita 95.

Kanuni inayofaa pikipiki nyingi za aina hii ni kwamba mnepo wa mpandaji uwe karibu theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu la nyuma, yaani umbali wote ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Gurudumu lenye mwendo wa milimita 280 litahitaji 90 hadi 95. Mnepo tupu nao uwe kati ya milimita 25 na 40. Kama kitabu cha pikipiki yako kinataja namba tofauti, fuata kitabu.

Kabla ya kuziamini namba hizo, angalia mkwaruzo, yaani msuguano wa shokapu na viungo vyake. Ikandamize pikipiki kwa mkono upande wa nyuma, iachie ipande taratibu, na upime. Kisha iinue, iachie ishuke taratibu, na upime tena. Vipimo viwili havitalingana. Chukua wastani wake. Lakini tofauti ikizidi milimita 10 au hapo, kuna kitu kinakwama, na mara nyingi ni zile beringi za viungo nilizotaja, au cheni iliyokazwa mno. Usiguse springi kabla ya kumaliza tatizo hilo, kwani utakuwa unarekebisha kutu.

Sasa rekebisha. Safisha nyuzi za shokapu, yaani mikato kama ya skrubu ambamo pete mbili za kukazia springi huzunguka, kwa brashi ngumu na uzinyunyizie mafuta, kwa sababu pete ya aluminiamu ikizungushwa juu ya mchanga huharibu nyuzi moja kwa moja. Legeza pete ya juu inayofunga, kisha zungusha ya chini kwa spana yake yenye ndoano. Sipendi kabisa mtindo wa kuigonga pete kwa bisibisi na nyundo: meno yake hulika, na siku utakapotaka kuirudisha haitakubali. Chora alama kwenye springi ili uhesabu mizunguko, na uikamate springi yenyewe kwa mkono ili izunguke pamoja na pete. Mzunguko mmoja mzima hubadilisha mnepo kwa milimita chache, basi zungusha mmoja, pima, zungusha tena. Pikipiki nyingine zina pete ya ngazi badala ya nyuzi. Hapo huna uhuru mkubwa, utachagua ngazi iliyo karibu zaidi na kipimo chako.

Rafiki yangu alianza na mnepo wa mpandaji wa milimita 118, yaani alikuwa akining'inia upande wa nyuma huku gurudumu la mbele likielea kwenye kona na kukataa kushika njia. Tulikaza pete mpaka ukafika 95, naye akafurahi. Tulipoishusha bila mtu, mnepo tupu ulikuwa milimita 8 tu. Kila aliyesikia namba hiyo alisema springi imekuwa ngumu kupita kiasi na inafaa kubadilishwa kwa laini zaidi. Ukweli ni kinyume chake kabisa, na nilichora mistari mingi kwenye karatasi hadi tukakubaliana.

Kukaza pete hakuifanyi springi iwe ngumu. Springi yenye ugumu fulani kwa kila milimita hubaki na ugumu huohuo. Unachobadilisha ni nguvu inayohitajika kabla haijaanza kusogea, na hivyo urefu wa pikipiki kutoka ardhini. Springi dhaifu ikimbeba mtu mzito hulazimika kukazwa sana ili kumwinua hadi kwenye 95, na ikishakazwa namna hiyo, uzito wa pikipiki peke yake hautoshi kuisogeza sana. Kwa hiyo mnepo tupu mdogo, huku wa mpandaji ukiwa sawa, maana yake ni kwamba springi ni laini mno kwako, nunua iliyo ngumu zaidi. Mnepo tupu ukiwa mkubwa, tuseme 50, huku wa mpandaji ukiwa sawa, springi ni ngumu mno kwako, nunua laini zaidi. Porini, hali ile ya kwanza unaisikia kwa sikio: ukiteremka mteremko wenye mashimo, shokapu hugonga kwa ndani kila gurudumu linaponyooka, kwa sababu hakuna nafasi ya gurudumu kushuka kulifuata shimo. Tairi lisiloweza kushuka halishiki ardhi, wala hakuna aina ya tairi itakayoponya hilo.

Pikipiki hizi huja na springi laini kwa makusudi, na mtu mzito, hasa mwenye mkoba, atahitaji nyingine. Ugumu huandikwa juu ya springi yenyewe au kitabuni, kwa kawaida kwa nyutoni kwa milimita; panda daraja moja tu, funga, kisha upime vyote viwili upya. Springi ni bei ndogo kuliko ekzosi, na mabadiliko yake utayahisi ndani ya mita mia za kwanza.

Springi za mbele hupimwa kwa njia hiyohiyo, ila mnepo wa mpandaji uwe mdogo kidogo kuliko wa nyuma, na mkwaruzo huwa mkubwa zaidi. Mkwaruzo ukizidi, legeza bolti za ekseli ya mbele, ipigishe pikipiki juu na chini ukiwa umefunga breki ya mbele ili miguu ya shokapu ijipange, kisha ukaze tena. Skurubu za oili, zile zinazopunguza kasi ya shokapu kwenda na kurudi, usiziguse hadi mnepo uwe sawa. Ukizigusa, zifunge zote kwanza taratibu ukihesabu vituo (mibofyo unayoihisi unapozungusha), na uandike namba hiyo mahali utakapoiona.

Hatua ya 5: Cheni

Urefu wa pikipiki umebadilika, kwa hiyo cheni ipimwe sasa, si kabla. Cheni hukazika zaidi pale ambapo sproketi ya mbele, egemeo la mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Ivute pikipiki chini kwa mkanda wa kufungia mizigo mpaka vilingane, acha ulegevu mdogo wa sentimita moja hivi, kisha fungua mkanda na upime ulegevu uliopo pikipiki ikiwa kwenye stendi. Utaonekana mkubwa kuliko ulivyozoea. Uandike, na huo ndio utakaoutumia siku zote.

Ikiwa unapanda sana milima ya polepole, punguza jino moja kwenye sproketi ya mbele. Kutoka 13 hadi 12 hupunguza mwendo kwa takriban asilimia 8 katika kila gia, na klachi itakushukuru.

Hatua ya 6: Tairi

Nyuma nafunga tairi la muundo wa pikipiki za kupanda mawe, lenye vitalu vifupi na mwili laini, kwa sababu hushika mawe na mizizi kuliko tairi la meno marefu. Kwenye tope zito hujaa na kuteleza. Anayeishi na tope achague meno marefu. Tairi la meno lenye tyubu huanzia psi (kipimo cha upepo wa tairi) 12 hadi 14, na hili laini huanzia psi 8 hadi 10, mradi ndani ya rimu kuna kishikizo kinacholizuia kuzunguka. Kwenye mawe makali ongeza psi 2 ili tyubu isibanwe na rimu. Tumia kipimo cha upepo kinachoishia psi 15 au 30, kwa kuwa vile vinavyofika 100 havisomi vizuri huku chini, na upime tairi likiwa la baridi.

Nati ya vali usiikaze dhidi ya rimu. Ipandishe hadi kwenye kifuniko. Tyubu ikianza kuzunguka, vali itainama nawe utaiona, badala ya kung'oka kimyakimya.

Hatua ya 7: Safari ya kwanza

Chagua mzunguko mfupi mmoja wenye mlima, mteremko na kona, uurudie, na ubadilishe kitu kimoja tu kila mara. Ukirudi, gonga spoku zote kwa spana ndogo: iliyolegea hutoa sauti butu, nayo ikazwe robo mzunguko tu kwa mara. Kaza tena bolti za viungo vya shokapu na za sproketi ya nyuma, na upime mnepo upya baada ya saa chache za kuendesha, kwa maana springi mpya hulala kidogo.