Kufanya Kazi Katika Duka la Baiskeli Kisumu: Mwongozo kwa Mpenzi wa Baiskeli

Mtu anayependa baiskeli akiajiriwa katika duka la mtaani jijini Kisumu, hujikuta akihudumia watu ambao hawana haja ya kasi wala mashindano. Wengi huleta Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma yenye keria pana, inayobeba mitungi ya maji, magunia ya mahindi au abiria, na ambayo ikishinda dukani, mwenyewe hushinda bila kipato. Kwa hiyo, unapoipokea, uliza kwanza inabeba nini na inahitajika saa ngapi.

Jifunze vipimo vya tairi kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa hapa ndipo pesa za mteja hupotea. Tairi ya Black Mamba huitwa 28, na tairi nyembamba ya baiskeli ya mitumba nayo huweza kuandikwa 28, lakini haziingiliani hata kidogo: kipenyo cha ya kwanza, pale inapokalia rimu, ni milimita 635, na cha ya pili ni 622. Hata 26 ya baiskeli ya milimani ni 559, ilhali ile ya 26 kwa inchi 1 na 3/8 ni 590. Soma namba zilizochapwa ubavuni, kwa mfano 40-635, ambapo ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimuuzia mama mmoja muuza samaki tairi kwa kusoma 28 pekee, naye akarudi kwa miguu kutoka Dunga, ufuo wa wavuvi, tairi begani, saa za soko zikiwa zimempita. Tangu siku hiyo siuzi tairi kabla sijaiona ile ya zamani.

Pancha ndiyo kazi ya kila siku, na inastahili subira. Jaza tyubu upepo, izungushe ndani ya beseni la maji hadi viputo vitokee, weka alama, kisha ikaushe. Isugue kwa msasa, paka gundi nyembamba, na usibandike kiraka hadi gundi ipoteze mng'ao wake. Kiraka kilichobandikwa juu ya gundi mbichi hubanduka mzigo unapozidi. Usirudishe tyubu bado. Pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi yote, kwa sababu kitambaa hunasa kwenye ncha ya mwiba ambayo jicho halikuiona, na mwiba ukibaki, mteja atarudi jioni.

Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa upande inakoelekea mishale ya saa, kinyume na ya kulia. Unapotoa kotapini, yaani pini inayoshikilia mkono wa pedali kwenye ekseli, legeza nati hadi ilingane na ncha ya pini ili kulinda nyuzi za pini, kisha tegemeza mkono wa pedali kwa kipande cha bomba la chuma lililosimama chini, ili pigo la nyundo lisiangukie gololi.

Mnyororo nao upime kwa rula: viungo 24, kutoka pini hadi pini, huwa inchi 12 kamili. Ukizidi kwa 1/8 ya inchi, ubadilishe.

Kabla ya kuikabidhi baiskeli, funga mzigo kwenye keria, uipande mwenyewe hadi mahali penye mteremko, na ujaribu breki hapo.