Taa za AUTO zikianza kukuchezea: pa kuanzia kabla hujanunua sensa

Taa za AUTO ni taa za mbele zinazojiwasha zenyewe giza likiingia, zikiongozwa na sensa, yaani kidude kinachopima mwanga. Gari likiletwa kwangu kwa sababu taa zinawaka saa sita mchana, au giza limeshaingia na bado hazijawaka, mwenyewe huwa keshaambiwa na mtu kwamba sensa imekufa. Wengine huja na sensa mpya mkononi, wameshalipia. Mimi ni fundi rewaya, fundi wa umeme wa magari, hapa Tanga, na ushauri wangu ni kwamba sensa ndiyo iwe ya mwisho kushukiwa. Ni kidude kidogo, hakina kinachozunguka wala kinachosuguana. Yanayoharibika mara nyingi ni yale yanayokizunguka: mwanga unaokifikia, umeme unaokiingia, na nyaya zinazopeleka habari zake kwenye kompyuta ya gari. Fuata mpangilio huohuo, maana hatua za mwanzo hazina gharama yoyote.

Kwanza jua ilipo. Kwenye Toyota nyingi, kuanzia Premio hadi ile Harrier tunayoiita tako la nyani, sensa ya taa ni kikofia cheusi cha plastiki juu ya dashibodi, pembeni, karibu na kioo cha mbele. Ukiona vikofia viwili usishangae, cha pili hupima ukali wa jua kwa ajili ya AC. Kwenye Volkswagen, BMW na Mercedes nyingi huikuti kwenye dashibodi. Imebandikwa kwenye kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, mara nyingi pamoja na sensa ya mvua.

Sasa tazama kilichoifunika. Ukungu wa vumbi na mafuta ya kung'arishia dashibodi, kopo la manukato, risiti za maegesho, stika za bima na za Nenda kwa Usalama zilizobandikwa moja juu ya nyingine, tinti iliyoshushwa kutoka juu ya kioo. Vyote hivyo huiambia sensa kwamba jua limezama.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja na Premio yake akilalamika: "Fundi, taa zinaniwakia asubuhi kweupe, kama niko kwenye msafara wa harusi." Nikamwuliza, "Shikamoo mwalimu. Zinawaka ukielekea wapi?" Akafikiri kidogo, akasema akienda Kange zinawaka, akirudi mjini zinazima. Hapo nilikuwa nimeshapata jibu kabla sijafungua mlango. Asubuhi ukielekea Kange jua liko mgongoni, na paa la gari linaitia dashibodi kivuli. Ukirudi, jua liko usoni. Dashibodi yake ilikuwa na zulia la manyoya lililotobolewa tundu kwa ajili ya sensa, ila zulia lilikuwa limeteleza na ukingo wa tundu umefunika nusu ya kikofia. Jua kali lilipenya kwenye ile nusu iliyobaki, lakini kivulini mwanga haukutosha. Tulisogeza zulia, tukafuta kikofia kwa kitambaa chenye unyevu, akaondoka. Kwa hiyo kabla hujaja kwa fundi, andika mahali: zinawaka saa ngapi, ukielekea upande gani, juani au kivulini. Habari hiyo inaokoa muda mwingi kuliko mashine ya kupimia.

Kuna wanaokuja na gari lisilo na ubovu wowote. Magari madogo ya Japani ya mifano mipya iliyotoka kuanzia Aprili 2020, na yale ya mifano ya zamani yaliyotengenezwa kuanzia Oktoba 2021, yanabanwa na sheria ya huko: mwanga ukishuka chini ya laksi 1,000 (laksi ni kipimo cha mwanga) taa zijiwashe zenyewe ndani ya sekunde 2, na gari likiwa linatembea gizani dereva asiweze kuzizima. Mwanga ukizidi laksi 7,000 ndipo zizime, tena baada ya kusubiri kidogo. Ukinunua gari la namna hiyo ukaona taa zinakataa kuzimwa jioni, liache lilivyo. Usikubali mtu akate waya ili "zitii".

Jaribio la taulo

Egesha gari mahali peupe mchana. Zungusha ufunguo hadi ON, taa za dashibodi ziwake (ACC, hatua ya ufunguo ya kuwashia redio tu, haitoshi), na swichi ya taa iwe kwenye AUTO. Mtu mmoja asimame mbele ya gari. Chukua taulo nene, likunje mara mbili, ifunike sensa yote. Kiganja cha mkono hakifai, mwanga hupita kati ya vidole. Taa zikiwaka baada ya sekunde chache, sensa yako inaona na nyaya zake zinafanya kazi. Tatizo liko kwenye mwanga au kwenye mipangilio (settings) ya gari. Ukiondoa taulo, vumilia. Zimetengenezwa zichelewe kuzima makusudi, vinginevyo zingekuwa zinawaka na kuzima kila ukipita chini ya mwembe.

Usiku watu hujaribu kuimulika sensa kwa tochi ya simu, taa zisipozima wanasema imekufa. Baadhi ya sensa hutegemea sana mionzi ya infraredi, ambayo jua linayo tele na tochi ya LED karibu haina kabisa. Jaribio hilo lisikutie hofu.

Taulo likishindwa, zungusha swichi uwashe taa kwa mkono. Zikigoma hata hapo, achana na habari ya sensa: angalia fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), balbu na ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi). Zikiwaka kwa mkono lakini AUTO haifanyi kitu, ndipo tunaingia kwenye nyaya.

Lalamiko jingine: umeshuka, umefunga, taa bado zinawaka na asubuhi betri haina kitu. Toyota nyingi husubiri mlango wa dereva ufunguliwe ndipo zizime taa. Swichi ya mlango ikifa, gari halijui kama umeshuka. Fungua mlango uangalie taa ya ndani, au ile alama ya mlango kwenye dashibodi. Isipowaka, mbaya wako ni swichi ya mlango, spea ya bei ndogo.

Nyaya, maji na chumvi

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada. Hewa ya chumvi hula soketi polepole, na kioo cha mbele kilichobadilishwa bila gundi ya kutosha huvujisha maji moja kwa moja juu ya dashibodi. Harrier moja niliyofungua ilikuwa imeshapita mikononi mwa fundi mwingine. Soketi ya sensa ilikuwa na ukoga wa kijani kwenye pini mbili, na chini yake nyaya zimeungwa kwa kusokotwa na kufungwa gundi ya karatasi. Kila mvua ikinyesha taa zilicheza. Sensa ilikuwa nzima. Nilisafisha pini kwa dawa ya kusafishia umeme, nikaunga nyaya upya kwa risasi, nikamwambia mwenyewe aanzie kwa fundi vioo, maana maji yangerudi tu.

Ukiwa na mita, kwenye Toyota nyingi sensa ina nyaya tatu: umeme, ethi na ya taarifa. Ufunguo ukiwa ON, waya wa umeme uwe na volti zinazokaribia za betri. Ukikosa, rudi nyuma kwenye fyuzi na kompyuta. Kisha pima kati ya waya wa ethi na hasi ya betri. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.2, kuna ethi iliyolegea au yenye kutu. Mashine ya kusoma hitilafu ikikupa namba (kodi) B1244, maana yake ni sakiti ya sensa ya taa. Imesema sakiti, haijasema sensa. Umeme ukiwepo, ethi ikiwa safi, waya wa taarifa ukiwa mzima hadi kwenye kompyuta, na taulo bado halifanyi kitu, hapo nunua sensa.

Taa zikiwaka kwa kupepesa, niambie kama umeweka balbu za LED mahali pa halojeni. Halojeni ya wati 55 hula ampea zaidi ya 4, LED hula kidogo sana, na baadhi ya magari huona kama balbu imekatika. Rudisha balbu za asili kwanza, kisha tuzungumze.

Kuna sensa nyingine isiyohusu mwanga: ile inayoinamisha na kuinua miale ya taa za mbele kulingana na mzigo. Hiyo iko chini, kwenye mkono wa springi za nyuma. Ukinyanyua gari kwa spesa (vipande vinavyowekwa kwenye springi) bila kurekebisha kile kikono chake, taa zitamulika chini ya pua ya gari au machoni mwa wenzako. Kikague kila unapobadilisha springi.

Na sensa ikiwa nzima kabisa bado usiiachie kila kitu. Inapima mwanga wa angani, haipimi umbali unaoona. Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto asubuhi, ukungu ni mweupe na angavu. Sensa inaona mchana, taa hazitawaka, na lori linaloshuka na mbao halitakuona hadi mmekutana konani. Vivyo hivyo kwenye mvua kubwa ya mchana. Washa mwenyewe, weka dimu, maana taa kali zinarudishwa na ukungu machoni mwako, na uziache hivyo hadi uone barabara vizuri.